Gitaa la Umeme la Kuchonga kwa Mkono: Darasa la Sayansi Tunalolipuuza

Katika Afrika ya Mashariki gitaa la umeme si chombo kigeni tena. Kwa zaidi ya miaka sitini limeongoza bendi za dansi za mijini, na waliomsikia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, hawahitaji kuelezwa uwezo wake likiwa mikononi mwa bingwa. Hata hivyo, aghalabu sisi hulipiga tu, hatuliundi. Hununuliwa dukani likiwa limekwisha kamilika, na likiharibika hutundikwa ukutani. Seremala huliona kuwa ni kitu cha umeme, fundi umeme huliona kuwa ni kitu cha mbao, na mwalimu wa fizikia haliangalii kabisa.

Maoni yangu ni kwamba kuunda gitaa la umeme kwa mkono, tangu ubao mtupu hadi wimbo wa kwanza, ni mojawapo ya masomo bora ya sayansi ambayo shule ya sekondari au chuo cha ufundi kinaweza kumpa kijana, na kwamba tunapoteza mengi kwa kuliacha somo hilo. Sababu yake ni nyepesi. Katika kazi hii hesabu haisahihishwi kwa kalamu nyekundu, bali husahihishwa na sikio. Kipimo kikikosewa kwa milimita mbili, kila msikilizaji atatambua kwamba kuna kasoro, hata yule asiyejua kusoma.

Baba na mwanawe

Mfano ulio wazi umetoka Uingereza. Mwezi wa Agosti 1963, katika viunga vya magharibi vya London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alianza kuunda gitaa akishirikiana na baba yake, Harold, aliyekuwa mhandisi wa elektroniki. Magitaa ya Kimarekani yaliyotamaniwa na vijana wa wakati ule yalikuwa ghali kupita uwezo wa familia yao. Kazi iliwachukua miaka ipatayo miwili. Shingo ilichongwa kwa mahogani iliyotolewa katika fremu ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu yaliyokuwamo yakazibwa kwa vijiti vya kiberiti. Springi mbili za valvu za pikipiki kuukuu zilitumika kusawazisha mvuto wa nyuzi. Alama za shingoni zilitokana na vifungo vya nguo vya mama yake, na ncha ya mkono wa kutikisia sauti ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia.

Msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kubahatisha. Vifaa vilikuwa vya kuokoteza, lakini vipimo havikuwa vya kuokoteza. Nafasi za shingoni zilikokotolewa, na uwazi ndani ya kiwiliwili uliachwa kwa makusudi ili mbao zipate kuitikia sauti itokayo katika amplifaya. Gitaa hilo, liitwalo Red Special, ndilo alilolipiga miaka yote katika kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Brian May mwenyewe alisoma fizikia katika Imperial College, na mwaka 2007 alitunukiwa shahada ya udaktari kwa utafiti wa vumbi lililoenea baina ya sayari.

Sisemi kwamba kila achongaye gitaa atakuwa mwanaastronomia. Ninalosema ni kwamba katika nyumba ile hapakuwa na ukuta kati ya karakana na darasa la fizikia. Katika shule zetu nyingi ukuta huo upo, na ni mnene.

Hesabu ya shingo

Tuchukue shingo ya gitaa. Juu yake hupigiliwa vijiti vyembamba vya chuma vya kukatizia uzi, ambavyo hapa tutaviita freti. Je, freti hizo huwekwa kwa kanuni gani?

Uzi ukikatizwa katikati barabara, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka maradufu, na sauti hupanda kwa oktava moja. Muziki wa gitaa huigawa oktava hiyo katika hatua 12 zilizo sawa. Neno "sawa" hapa halina maana ya nafasi sawa katika rula. Maana yake ni uwiano sawa. Inatakiwa namba ambayo, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe ikiwa 12 kwa jumla, italeta 2. Namba hiyo ni takriban 1.0595. Kutokana nayo fundi hupata kanuni ya kazi: gawanya urefu wa uzi uliobaki kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa kufikia freti inayofuata. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kizingiti cha juu. Zinabaki milimita 611.6, zigawe tena, nayo freti ya pili itakaa milimita 34.3 mbele ya ile ya kwanza. Ukiendelea hivyo, freti ya 12 itaangukia milimita 324, yaani nusu kamili. Mwanafunzi aliyechoshwa na vipeo na logarithimu ubaoni ataziona hapa zikiwa zimelala mbele yake juu ya ubao wa mti.

Kanuni hiyo ina historia. Mwaka 1581 Mwitalia Vincenzo Galilei, mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo luti, alipendekeza kugawanya kwa 18. Hesabu hiyo ni nyepesi, nayo i karibu na ukweli. Lakini tofauti ndogo ikirudiwa mara 12 hulimbikizana: katika uzi wetu wa milimita 648, freti ya 12 ingekaa milimita 2.4 nyuma ya mahali pake, na oktava ingetoka chini kidogo. Vincenzo huyo ndiye baba yake Galileo, na ndiye aliyening'iniza mizigo kwenye nyuzi akaonyesha kwamba, ili kupandisha sauti kwa oktava moja, uzito hauna budi kuongezwa mara nne, wala si mara mbili kama vitabu vya kale vilivyodai.

Tena kuna somo la pili lililo kubwa zaidi. Fundi akiisha kupanga freti zake kwa usahihi wote, ataona kwamba sauti bado hupanda kidogo kupita inavyopasa. Kidole kinapobonyeza uzi huuvuta, na uzi uliovutwa hukazika. Hivyo daraja la gitaa halina budi kusogezwa nyuma kwa milimita chache, tena kwa kiasi tofauti kwa kila uzi. Kanuni ni kweli, lakini uzi halisi una unene na ugumu wake. Ni vitabu vichache vinavyomfundisha kijana tofauti iliyopo kati ya mfano wa kihesabu na kitu chenyewe kwa uwazi kama huo.

Sumaku, waya na uzi

Upande wa umeme nao si haba. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika ndani ya mzingo wa waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Chini ya nyuzi za gitaa huwekwa kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye kipenyo cha milimita 0.06 hivi, kwa mizunguko ambayo mara nyingi huwa kati ya 5,000 na 10,000. Uzi wa chuma ulio juu yake hupata usumaku. Ukitetema, hutikisa uga wa sumaku unaopita ndani ya mzingo, na hapo huzaliwa umeme hafifu wenye mitetemo ileile ya uzi. Amplifaya huukuza, na spika huurudisha hewani ukiwa sauti. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai kwa kinasa cha namna hii: sumaku haizioni. George Beauchamp alikiunda kinasa kama hicho huko California mwaka 1931, na hapo ndipo gitaa la umeme lilipoanza safari yake ya kibiashara.

Kinasa chenye mzingo mmoja huvuma, kwa kuwa hudaka pia umeme wa nyumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliunganisha mizingo miwili iliyogeuzwa waya na sumaku, ili mvumo ufutane na sauti ya nyuzi ijumlishwe. Mwanafunzi anaweza kuyafanya hayo mezani kwake, na kuusikia mvumo ukizimika. Sijui jaribio jingine la bei nafuu kama hilo linaloonyesha jinsi mawimbi mawili yanavyoweza kufutana.

Mbao na imani za watu

Wapo wanaoamini kwamba siri ya gitaa la umeme imo katika mbao adimu za ng'ambo. Imani hiyo yafaa ipimwe. Mnamo mwaka 1941 mpiga gitaa wa Marekani Les Paul alichukua boriti ya msonobari, akaifunga nyuzi, kinasa na daraja, kisha akabandika ubavuni vipande vya gitaa la kawaida kwa ajili ya sura tu. Boriti ile ilipiga muziki. Kinasa husikiliza uzi wa chuma. Umbo zuri la pembeni ni la macho na la mikono.

Hayo hayana maana kwamba mbao yoyote hufaa. Nyuzi sita zilizokazwa huvuta shingo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 35 hadi 50, usiku na mchana. Mbao mbichi itapinda, na gitaa litapotoka sauti. Basi sifa zinazotakiwa ni ukavu, unyofu wa nyuzi za mti, na utulivu mvua zinapobadilika kuwa kiangazi. Sifa hizo tunazo nyumbani. Mkangazi ni wa ukoo mmoja na mahogani, na mninga unajulikana kwa kutosinyaa sana. Fundi huanza kwa msumeno na randa, hufuatisha patasi na tupa, na humalizia kwa msasa, akipima mgongo wa shingo kwa kiolezo cha karatasi ngumu. Ndani ya shingo hulaza fimbo ya chuma ya kuzuia mpindo. Anayechonga dhidi ya mwelekeo wa nyuzi za mti hufundishwa mara moja na ubao wenyewe.

Mpingo unastahili neno la peke yake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, mgumu, na huchukua miongo mingi kukomaa. Kwa miaka mingi umesafirishwa ukiwa vipande ghafi, ukachongwa ng'ambo kuwa klarineti na zumari. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya *Dalbergia*, mpingo ukiwamo, imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, zimeondolewa katika masharti hayo. Maana yake ni kwamba gogo huhitaji kibali, ilhali ubao wa freti uliokwisha kuchongwa huvuka mpaka kwa wepesi zaidi. Sheria yenyewe inamwinua fundi. Ni juu yetu kuwa na mafundi wa kuinuliwa.

Hoja za wanaopinga

Wengine watasema kwamba mashine za viwandani huchonga gitaa kwa saa chache na kwa bei ambayo mkono hauwezi kuishinda. Ni kweli. Lakini mtoto hafundishwi kuhesabu kwa sababu hakuna kikokotozi. Anayeunda gitaa moja hujua kutengeneza mengine kumi yaliyoharibika, na hapo tayari pana riziki.

Wengine watasema kwamba muziki si kazi ya shule ya ufundi. Hao wamesahau urithi wao. Fundi wa Kigogo anayesogeza vijiti vya chuma vya ilimba mpaka sauti ikae sawa anashughulika na urefu na mitetemo. Mchongaji wa Kimakonde anaujua mpingo kuliko vitabu vingi vinavyouelezea. Kinachokosekana si akili wala mkono, bali ni daraja la kuwaunganisha hao na mwalimu wa fizikia.

La kufanya

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, kila darasa la fizikia liunde ala ya ubao mmoja na uzi mmoja wa chuma, yenye freti 12 zilizokokotolewa na wanafunzi wenyewe, na kinasa walichokizungusha wenyewe. Kazi hiyo haihitaji karakana kubwa. Pili, vyuo vya ufundi vimpe mwanafunzi wa useremala na mwenzake wa umeme gitaa moja la kuunda pamoja, wala wasipewe alama mpaka lipigwe mbele ya watu. Tatu, mabaki ya mpingo yaliyo katika viwanda vya mbao yachambuliwe. Vipande virefu na vinyofu vya sentimita 50 ni vichache, kwa kuwa mti wenyewe hupinda; hivyo vitengwe kwa mbao za freti, na vifupi viwe vizingiti na vishikizo. Wachongaji wavae vitambaa puani, maana vumbi la mpingo hudhuru ngozi na mapafu.

Gharama ya hayo ni ndogo. Faida yake ni kijana anayejua kwamba namba 17.817 si mzigo wa mtihani, bali ni ufunguo unaofungua sauti. Kijana huyo, akikabidhiwa kesho pampu ya maji au mtambo wa umeme wa kijiji, hatauogopa. Kwa kuwa amekwisha zoea kupima, kuchonga, kujaribu, na kusubiri hukumu ya kitu chenyewe.