Fundi, nionyeshe chuma kabla ya puti

Wewe uliyenunua ile Peugeot 504 kuukuu na sasa unamwambia fundi "ni rangi tu, kidogo tu", hebu tuongee kabla hujatuma doo.

Ile rangi iliyovimba kama kipele chini ya mlango si shida ya rangi. Mara nyingi kutu huanzia ndani, maji yaliponasa, na ikitokeza nje wewe unaona kadoa tu. Dunga na bisibisi uone kama haitatokea ng'ambo. Hapo kuna njia mbili. Fundi apige msasa, ajaze puti, apulize rangi, nawe upige picha uwaringie wasee. Ama akate kilichooza chote hadi afike kwenye chuma kizima, akunje kipande kipya, akichomelee. Hiyo njia ya kwanza tuache kuiita matengenezo. Puti hunyonya unyevu, na kutu iliyofunikwa huendelea kula kama kawaida.

Na si mambo ya urembo tu. 504 haina chesi ya kando kama lori. Sakafu na ule ukingo wa chini ya milango ndivyo vinavyobeba gari. Kiti chako na mkanda wako vimeshikiliwa na chuma hichohicho. Ukigongwa, puti haitakushikilia. Hili ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, halafu likageuka matatu likabeba wazazi wetu. Kulivalisha vipodozi ni kulikosea heshima, bana.

Najua mtu wa Kiwanjani ataniuliza, Isiolo ni kukavu, kutu itoke wapi? Kweli, ukame wetu hutunza chuma kuliko Mombasa, ambako chumvi ya baharini huharakisha kutu. Lakini gari kuukuu limeishi kwingine kabla ya kuja kwako. Na vumbi letu je? Linaingia ndani ya milango, linaziba yale matundu madogo ya kutolea maji, halafu mvua ikinyesha linakuwa tope linalokaa na maji kama sponji.

Wa Land Rover naye anacheka, eti bodi yake haishiki kutu. Kabla lami haijafika Moyale hizo ndizo zilizokuwa zikipasua njia ya kaskazini, kwa hivyo namwelewa. Land Rover ilianza mwaka 1948, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ni alumini. Lakini chesi ni chuma, na ule ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva pia ni chuma, na vyote huoza. Halafu pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hivyo sumaku, ile tunayotoa kwenye spika mbovu kutafuta puti, itakudanganya hapa: haishiki puti nene, lakini haishiki alumini pia. Kwa 504 itumie, izungushie kitambaa isikwaruze.

Lawama tusimtupie fundi. Sisi ndio tunataka kazi ya siku tano kwa bei ya siku moja, halafu tunashangaa kuona kiraka cha mabati ya paa. Mabati ya geji 30 hayafikii nusu ya unene wa bodi ya gari, ambayo ni kama geji 20, na yakichomelewa moshi wa zinki humpandishia fundi homa usiku. Kipande cha pipa ni afadhali, ila pipa lililobeba petroli lisikatwe kwa grainda wala gesi. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Basi patana naye hivi. Mlipe kwa hatua, na hatua ya kwanza iishe chuma kikiwa uchi. Nenda ukakiangalie kabla ya puti. Betri iwe imetolewa waya, viti na zulia vimetoka, tangi la mafuta limeondolewa kama kazi iko karibu nalo. Achomelee nukta moja hapa, nyingine mbali kidogo, apumzishe, maana bati likipata moto mfululizo hujikunja kama chapati. Weldi ya vijiti kwenye bati jembamba hutoboa ovyo, kwa hivyo ukipata mwenye mkono mzuri wa gesi, mshike. Kisha praima kwenye chuma kikavu, na puti iwe utando tu wa kulainisha.

Na fundi wa namna hiyo asiye na karatasi, mwambie kuna mtihani wa ufundi wa NITA unaompima kwa kazi ya mikono. Mimi mwenyewe niliacha chuo, sina ubavu wa kumdharau asiye na cheti. Lakini mwenye cheti ana pa kusimamia anapokataa bei yako ya puti.

Rangi ikishakauka, chukua waya mwembamba, lala chini ya gari, zibua yale matundu ya milango moja moja. Hiyo haihitaji fundi.