Telekonveta na ngozi ya mtoto: mita moja na nusu haizuii mtu kusema jambo

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mwaka 2024, ugonjwa wa mpox ulipoingia katika kambi za wahami kando ya Goma, picha za ngozi za watoto zilizunguka dunia. Vipele kwenye mkono, vipele kwenye paji la uso, karibu hivi kwamba mtu aliyeko Ulaya angeweza kuvihesabu. Picha ya namna hiyo inaweza kupigwa kwa ruhusa ya mama. Inaweza pia kupigwa mama akiwa hajui lolote, na wapo wapiga picha wanaouita huo ustadi.

Kifaa chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Telekonveta ni kipande chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi. Ile ya mara 2 inaifanya lenzi ya milimita 100 kuwa ya milimita 200. Ikifungwa nyuma ya lenzi ya makro, yaani ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mpiga picha anapata ukubwa uleule akiwa amesimama mbali zaidi. Mkono wa mtoto uliojaza picha kutoka kama nusu mita, sasa unaijaza kutoka karibu mita moja. Kwa lenzi ya makro ya milimita 180, anaweza kupita mita moja na nusu.

Utetezi wa kwanza ni usalama. Mpox inaambukiza hasa kwa kugusana, kwa hiyo ni vizuri kukaa mbali kidogo. Hapo hakuna ubishi. Lakini mita moja na nusu ni umbali wa watu wawili kwenye foleni ya maji. Ni umbali wa kusalimiana. Mtu aliyesimama hapo anaweza kusema: Jambo mama, naomba kupiga picha ya mkono wa mtoto, itaenda mahali fulani, unakubali? Lenzi ndefu haimkatazi kufungua kinywa. Anayenyamaza amechagua kunyamaza, kwa sababu anajua jibu linaweza kuwa hapana.

Mtu wa redio hana njia hiyo ya mkato. Kipaza sauti kinataka kuwa karibu na mdomo wa anayesema, na mdomo hausemi bila mwenyewe kukubali.

Utetezi wa pili ni kwamba picha zinasaidia waganga. Huo ndio dhaifu kuliko yote, na wapiga picha wenyewe wanajua sababu. Telekonveta inakula mwanga. Ya mara 1.4 inachukua nusu, ya mara 2 inabakiza robo tu. Lenzi ya makro nayo, kadiri inavyokisogelea kitu, inapoteza mwanga wake. Sasa mtu aingie na mzigo huo ndani ya hema la turubai, mlango umefungwa nusu kwa sababu ya mvua na vumbi la mawe ya volkano. Kamera iliyokuwa inapiga kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde inashuka hadi 1 ya 30. Mtoto anapumua, mkono wa mpiga picha unatikisika, kipele kinakuwa ukungu. Akiongeza wepesi wa kamera kunasa mwanga, picha inajaa chengachenga, na chengachenga hizo zinafuta kingo za kipele, ambazo mganga anataka kuziona. Akiwasha flashi, siri yake imekwisha, mtoto amelia.

Na hapo ni pale ambapo vifaa vinakubaliana. Telekonveta za Canon hazifungiki moja kwa moja kwenye lenzi yake ya makro ya milimita 100, kioo cha mbele kimetokeza na kinagonga. Kuna wanaotia pete katikati, na kuna wanaonunua ya Kenko. Taabu yote hiyo, wakati muuguzi aliyevaa glavu yuko tayari kando ya mtoto, ana simu, anajua mama ni nani, na anaweza kuweka rula pembeni ya kipele ili ukubwa wake ujulikane. Picha ya muuguzi, mama akiridhia, inamfaa mganga kuliko ile iliyoibwa kutoka mlangoni.

Kifaa hakina kosa. Nyuki anayeruka akisogelewa, mdudu anayekula majani ya kahawa, hao ndio wa telekonveta na lenzi ya makro, na hakuna wa kuwaomba ruhusa.

Kuna wanaosema ngozi haina jina, uso hauonekani, basi nani ataumia? Hao hawajaishi kambini. Ushanga wa mkononi unajulikana. Kitenge cha mama kinajulikana. Chini ya picha limeandikwa jina la kambi, na kesho yake watoto wa hema hilo hawachezi na wenzao. Mwanzoni mwa 2025, M23 walipouteka Goma, kambi zilivunjwa na familia zikatawanyika, nyingine zikarudi vijijini. Mahema hayapo tena. Picha bado zipo kwenye mtandao, na mtoto aliyepona anaendelea kuonekana mgonjwa.

Sheria ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na ugonjwa wa mtoto ni habari ya mtu binafsi. Mama anaweza kukataa, na jina lake lisiguswe kwenye orodha ya chakula kwa sababu hiyo. Mashirika na vyombo vya habari vyenye picha za 2024 vifungue maboksi yao na kuuliza, moja baada ya nyingine: nani alikubali? Ile isiyo na jibu ifutwe, na zianze zile zenye jina la kambi chini yake.