Bara Si Moja: Niliyoyaona Kisii na Nyamira

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alipita Mombasa akalala usiku mmoja, kisha akashika njia ya bahari kwenda Kilwa. Usiku mmoja tu! Hata hivyo, aliyoyaandika juu ya ndizi na samaki wetu, misikiti yetu ya miti na uchaji Mungu wa wazee wetu tunayarudia hadi leo katika kila baraza, kama ushahidi wa ustaarabu wetu. Nasi, ndugu wasomaji, tuliosifiwa na mgeni wa usiku mmoja, je, tumekwenda kumtazama nani tukaja tukasimulia?

Si kwamba sisi si watu wa safari. Makka twaijua, Maskati twaijua, na Dubai imekuwa kama ng'ambo ya Likoni. Lakini tukigeuza uso upande wa magharibi, tukishapita Mazeras, nchi yote iliyobaki tumeipa jina moja, nalo ni "bara". Na kila atokaye huko ni "mbara", awe wa Machakos, wa Marsabit au wa Busia. Mimi nasema neno hili limetuponza. Limekuwa pazia, na aliye nyuma yake hatumwoni. Dawa ya pazia ni kulifunua, na kulifunua ni kwenda. Nilikaa Kisii na Nyamira kwa majuma mawili, na nataka kueleza kwa nini naona kila mtu wa Mwambao mwenye uwezo wa nauli aende.

Njia yenyewe sitaieleza sana. Garimoshi hadi Nairobi, kisha matatu iliyopitia Narok, Bomet na Sotik. Ukikaribia Keroka nchi hubadilika. Ule uwanda mpana wa Narok umekwisha zamani. Sasa ni kilima juu ya kilima, na hakuna hata kimoja kilichoachwa wazi. Kila kilima kimegawanywa vipande vyembamba kutoka kileleni hadi kijitoni: juu nyumba, chini yake migomba, kisha chai, kisha mahindi, na kule bondeni majani ya ng'ombe. Keroka nao ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Huku ni Kisii, kule ni Nyamira, na serikali mbili za kaunti zimevutana sana juu ya ushuru wa soko lake. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na baridi yake si ya mchezo. Nilivaa sweta juu ya kanzu na hakuna aliyenicheka.

Lugha

Jambo la kwanza lililonishika ni lugha. Mjini Kisii kuna soko kubwa liitwalo Daraja Mbili. Walimu wetu wa sarufi wangetaka liitwe Madaraja Mawili, lakini jina ni la Kiswahili na limekita mizizi. Hapo nilisimama nikasikiliza akina mama wakihesabu mikungu ya ndizi: ibere, isato, inye, isano. Sikuhitaji mkalimani. Watu kwao ni abanto, mwana ni omwana, nyumba ni enyomba, nyama ni enyama. Hao ni ndugu zetu wa lugha, tena wa karibu, ingawa kati yetu pana safari ya mchana na usiku.

Lakini udugu una vichekesho vyake. Nilimsikia mtoto akiita, "Baba! Baba!" na aliyegeuka ni mwanamke mwenye kikapu. Kwa Kigusii baba ni mama, na baba mwenyewe huitwa tata. Mswahili asiyelijua hilo anaweza kuuliza habari za baba akaletewa mama mzima!

Neno lililonigusa zaidi ni ensoni. Mzee mmoja wa Manga, katika Nyamira, alinieleza kuwa ensoni ndiyo iliyoshika mji wa Mgusii. Kwa ensoni, baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kwa ensoni, mkwe na mkwewe hukaa kwa adabu na umbali. Kwa ensoni, maneno fulani hayatamkwi mbele ya watu wa rika fulani. Msomaji wa Mwambao ameshalitambua neno hili. Ni soni yetu sisi, haya, ambayo kwetu imebaki vinywani mwa wazee na katika tungo za washairi. Sisi tunaodhani haya ni mali yetu peke yetu, na kwamba huko bara watu wanaishi ovyo, tungekaa na mzee yule saa moja tu.

Magharibi ya Ijumaa

Dini ya wengi huko ni ya Kikristo. Wakatoliki walifungua misheni yao Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato walifika karibu wakati huo huo. Hawa Wasabato ni wengi sana Kisii na Nyamira, na kwa Mwislamu ni majirani wepesi kuishi nao. Nguruwe hawali, pombe wamekatazwa. Wapo hata wasiogusa chai wala kahawa, nao wamezungukwa na chai na kahawa shambani!

Siku yao ya ibada huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua. Ijumaa ile nilikuwa mgeni katika nyumba moja karibu na Kebirigo. Mchana nilikuwa nimeswali mjini Kisii, katika msikiti wa Jamia, pamoja na Wanubi ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kama askari na kuachwa huko. Jioni nikamkuta mama mwenyeji wangu mbioni: nguo zianuliwe, chakula kiishe kupikwa, kuni ziingie ndani. Alikuwa akitazama jua. Nami nilikuwa nikilitazama jua lile lile, nikingoja magharibi. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake kwamba siku mpya huanza usiku.

Atauliza msomaji, na nyama? Nyumba ile walinipa kuku na kisu, wakasema, "Chinja mwenyewe, ili sote tule." Tulikula sima ya wimbi, ambayo wao huiita obokima, kwa kuku na chinsaga, yaani mgagani, uliopikwa kwa maziwa. Ustaarabu ni nini kama si huo wa kumjua mgeni wako kabla hajasema?

Jiwe la Tabaka

Vinyago vya jiwe la Kisii tunavijua. Vimejaa katika maduka ya Mji wa Kale karibu na Ngome ya Yesu, na Malindi vile vile: viboko, vindovu, mabakuli, vinara. Jiwe hilo hutoka Tabaka. Huchimbwa kwa mikono mashimoni, wanaume wakalichonga kwa visu na patasi likingali na unyevu, kisha wanawake wakakaa na mabeseni ya maji wakilisugua kwa msasa hadi ling'ae. Vumbi lake jeupe limekaa kwenye kope za watoto. Mchongaji Elkana Ong'esa, mwana wa huko, kazi yake imesimama Paris, katika makao makuu ya UNESCO. Lakini wachongaji wengi hawana jina dukani. Mmoja aliponiambia bei anayolipwa kwa kiboko mdogo, niliikumbuka bei ya kiboko kama huyo Mombasa, nikanyamaza. Wafanyabiashara wetu wanaouza vitu hivi wangefika Tabaka mara moja, wakanunua mkononi mwa mwenye kazi, wote wawili wangefaidika.

Ardhi

Nikaja kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kaunti yetu ya Lamu, ambayo kwa ukubwa inazishinda zote mbili zikijumlishwa, ilikuwa na watu 143,920. Hesabu hizi mtu huzisoma akazisahau. Huzisahau tena akishasimama juu ya kilima cha Manga akaona hapana mahali pa kuweka mguu pasipo shamba la mtu.

Kijana mmoja aliyepata kuuza ndizi Kongowea alinipigia hesabu. Babu yake alikuwa na ekari sita na wana watatu. Kila mmoja akapata ekari mbili. Baba yake ana wana wanne. Kila mmoja atapata nusu ekari. "Na mimi nina wana wawili," akasema. "Niwagawie nini? Niwagawie mgomba?" Kisha akaongeza bila chuki: "Huko kwenu waliniita mbara. Nilikuja kutafuta pa kusimama tu."

Sasa najua atakalosema msomaji wa Likoni au wa Lamu: "Na sisi je? Ardhi yetu nani aliyeipata?" Swali ni la haki. Wengi wetu tumezaliwa juu ya ardhi ambayo hati yake iko mfukoni mwa mtu tusiyemjua. Chanzo kikubwa cha balaa hilo ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo Waingereza waliileta Mwambao. Aliyejua kudai kwa karatasi alipewa, na asiyejua, ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya serikali. Lakini mwaka huo huo wa 1908, mwezi wa Januari, huko Gusii kijana Otenyo, aliyehimizwa na Moraa, bibi mwaguzi, alimpiga mkuki afisa wa Kiingereza aitwaye Northcote. Afisa alipona. Majeshi yakaja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakauawa. Mwaka mmoja, serikali moja. Kwetu ilitumia karatasi, kwao ilitumia bunduki. Leo wengi wao wana hati, japo mara nyingi ingali kwa jina la babu, lakini ardhi imewaishia. Sisi ardhi tunaiona kwa macho, lakini hati hatuna. Hawa si watu wa kugombana. Ni watu wa kukaa pamoja wakaulizana.

Badala yake, Agosti 1997 huko Likoni watu waliotoka bara waliuawa na maelfu wakakimbia na watoto wao. Wanasiasa walikuwa na hesabu zao za uchaguzi, lakini neno lililotumika kuwachagua wa kupigwa ni hilo hilo, "mbara". Neno likishakuwa rahisi hivyo mdomoni, panga halichelewi.

Sisemi kwamba Gusii ni pepo. Oktoba 2021, katika Marani, wanawake wanne wakongwe waliuawa na kundi la watu kwa kusingiziwa uchawi. Niliyazungumza hayo na watu wa huko, na wenye ujasiri walikubali kwamba nyuma ya mashtaka mengi ya uchawi pana shamba ambalo mtu analingojea. Mtu wa Mwambao asinyooshe kidole. Kilifi nako wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa shutuma hizo hizo, na huko nako, ukichimba, aghalabu unakuta shamba. Bibi wa Marani na babu wa Kilifi wameuawa na ugonjwa mmoja. Ensoni imeshindwa kumkinga mmoja, na haya yetu imeshindwa kumkinga mwingine. Masheikh wetu na wachungaji wao wangeweza kulikemea jambo hili kwa sauti moja, kama wangekuwa wanajuana.

Basi rai yangu ni hii. Madrasa na shule zetu zinazopeleka watoto matembezi ya Mombasa na Malindi kila mwaka, ziwapeleke mara moja Kisii na Nyamira. Wakaone chai ikichumwa majani mawili na kichipukizi, wakasikie ibere na isato kwa masikio yao, wakalale katika nyumba ambayo jua la Ijumaa lina maana. Na waalikwe watoto wa huko waje Lamu, nao waone kwamba Mwambao si pwani ya watalii tu. Wazazi watasema nauli ni ghali. Ni kweli, lakini harusi zetu tunazigharimia kwa zaidi ya hapo, kwa chakula cha siku moja.

Na asiyeweza kusafiri anaweza kuanza sokoni kwake. Yule muuza ndizi, mwamkie asubuhi kwa kusema "Bwakire", kisha muulize ametoka wapi. Akikujibu "bara", mwambie bara ni kubwa. Atoe jina la kilima chake.