Kipimo cha Akili Kisiwe Hukumu

Wako wanachuo wadhanio kuwa akili hupimwa kama unga katika mizani. Sivyo. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo chao mashuhuri ili kuwatambua watoto waliohitaji mafundisho ya pekee, wapate kusaidiwa. Mwaka 1909 Binet aliwapinga waziwazi waliodai kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Yeye aliamini kuwa mafundisho na mazoezi huikuza. Lakini Lewis Terman wa Marekani, aliyekitengeneza upya kipimo hicho mwaka 1916, alishikilia kuwa akili hurithiwa, akapendekeza wenye alama ndogo watengwe katika madarasa yao. Hivyo chombo cha kusaidia kikawa cha kubagua.

Basi, mwalimu, alama hueleza aliloliweza mtoto siku ile, kwa maswali yale, katika lugha ile. Haielezi atakaloliweza kesho. Ukishamwita mjinga, hutajisumbua kumfundisha, wala yeye hatajisumbua kujifunza. Akishindwa kujibu, mwulize kwa njia nyingine. Mpe kitendo badala ya maneno. Kipimo na kikuonyeshe pa kuanzia, si pa kumwachia.