Nabothi Aliuawa kwa Mhuri

Kuna mahubiri ambayo tumeyasikia mara nyingi hapa Kilosa, na wengine wetu tumeyahubiri. Husomwa mwisho wa Kitabu cha Waamuzi, pale Israeli ilipokuwa haina mfalme na kila mtu akajiamulia lililo haki. Kisha mhubiri hupaza sauti: mwondolee mwanadamu serikali, polisi na fimbo, naye atageuka mnyama kabla hakujapambazuka. Waumini huitikia amina. Sisi tunasema mahubiri hayo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imetugharimu.

Wasomi na waandishi wa mbali wameyatilia nguvu. Mwaka 1954 Mwingereza William Golding alitoa riwaya ya watoto wa shule waliokwama kisiwani bila mkubwa yeyote, wakaishia kuuana. Watu huisoma kana kwamba ni ushahidi mahakamani, wakasahau kwamba ni hadithi ya kubuni. Kisa cha kweli kilitokea mwaka 1965. Wavulana sita wa Tonga walitoroka shuleni kwa mashua ya wizi, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Walipokutwa mwaka 1966, wote sita walikuwa hai. Walikuwa wamegawana zamu za kazi, wametunza moto, na mwenzao aliyevunjika mguu walimhudumia mpaka akapona.

Tutaambiwa pia habari za Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1971 aliwagawa vijana wakawa askari magereza na wafungwa wa kuigiza, na baada ya siku sita ikabidi asimamishe jaribio kwa sababu ya ukatili. Lakini tuangalie vizuri. Askari wale hawakunyang'anywa sheria. Walipewa sare, marungu, miwani ya kuficha macho, na ruhusa ya mkubwa. Wale watoto wa Tonga hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini kwetu. Reli ya Kati ilikatika, maelfu wakakosa mahali pa kulala. Hapo ndipo, kwa mujibu wa mahubiri yetu, mnyama alipaswa kutoka porini. Tunaokumbuka siku zile tunajua nani alitutoa majini: jirani. Kabla hema la kwanza halijasimama, watu walikuwa wamekwisha kubeba wazee na watoto wasio wa kwao, wamekwisha kula chungu kimoja na watu wasiosali nao. Wezi walikuwepo, hatukatai. Ila waliotuokoa walikuwa wengi kuliko waliotuibia. Mtume Paulo aliliona hilo zamani alipowaandikia Warumi, kwamba hata wasio na torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni.

Sasa tuseme lile linalouma. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani humu humu, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro na wafugaji. Je, siku ile sheria haikuwepo? Serikali ya kijiji ilikuwepo. Polisi walikuwepo, mahakama ilikuwepo. Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walioandika juu ya mauaji hayo mwaka 2009, walieleza kwamba rushwa iliwafanya watu wapoteze imani na wenye mamlaka, wakatafuta njia nyingine, na panga ni mojawapo. Hatusemi hivyo ili kumsafisha aliyeua; damu ile inamlilia Mungu kutoka ardhini. Tunasema kwamba mkono ulioshika silaha ulitanguliwa na mkono uliopokea bahasha.

Biblia haikunyamaza juu ya hili. Waisraeli waliomba mfalme ili mambo yanyooke, na Samweli akawaonya kwamba mfalme huyo atawachukulia mashamba yao. Baadaye, chini ya wafalme, Ahabu akalitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Je, alivamia usiku? La. Yezebeli aliandika barua, akazitia mhuri wa mfalme. Mfungo ukatangazwa. Wazee wakaketi. Mashahidi wawili wakapatikana, kama torati inavyotaka. Nabothi akapigwa mawe na shauri likafungwa. Utaratibu wote ulifuatwa.

Mtu atatuuliza: na Msamvu je? Tarehe 10 Agosti 2019, pale Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukawaka, na waliokufa walizidi 100, wengine wakiwa wapita njia tu. Ni kweli, tamaa ipo, na hatusemi mwanadamu ni malaika. Lakini tujipime. Tamaa ya dumu moja la petroli tumeihubiri mpaka tumechoka. Tamaa ya ekari mia zenye muhtasari wa mkutano wa kijiji ambao haukufanyika, tumeihubiri mara ngapi?

Hatuihubiri, kwa sababu mwenye ekari hizo huketi benchi la mbele. Siku ya mavuno hutoa ng'ombe, nasi tunampigia vigelegele. Mkulima aliyenyang'anywa na mfugaji aliyetozwa faini isiyo na stakabadhi wako nyuma, au wameacha kuja. Kisha tunasimama madhabahuni kuwaambia hao hao kwamba bila wakubwa wangekuwa wanyama.

Eliya hakufanya hivyo. Hakwenda kuwahubiria wanakijiji wa Yezreeli juu ya ukali wa mioyo yao. Alimfuata Ahabu ndani ya shamba lile lile, akamwuliza kama ameua na tena amerithi. Kanisa la Kilosa na Mikumi lina wazee wanaoketi katika mabaraza ya ardhi, lina waumini wenye mihuri mezani. Tuanze na hao. Na yule ng'ombe wa mavuno, kabla hatujampigia vigelegele, tuulize alitoka zizi la nani.