Kompaila haijakuroga, ifungue uone

Jamani, wimbo huu nimeuchoka. "Bila -O2 programu inakwenda, nikiweka -O2 inakufa. Kompaila mbovu!" Dawa yao? Zima -O2, tukalale. Huo ni uvivu, nasema bila kupepesa macho.

Tuanze na maji, sisi wa Mzinga tunayajua. Yanashuka Uluguru, yanapita mashambani, yanaingia Bwawa la Mindu, yanasafishwa, ndipo yafike bombani. Yakitoka na tope, kulitukana bomba hakusaidii. Beba chupa, panda, chota kila kituo mpaka uone yanapochafukia.

Kompaila nayo ni mto. Msimbo wako wa C hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya kati (GCC wanaiita GIMPLE, LLVM wanaiita IR), kisha hupitia hatua nyingi za uboreshaji. Kila hatua inakata, inahamisha au inafuta kitu. Na kila hatua unaweza kuchota! Kwa GCC weka -O2 -fdump-tree-all, utapata mafaili yenye namba kwa mpangilio. Kwa Clang ni -O2 -mllvm -print-after-all. Linganisha kila hatua na iliyotangulia. Mstari wako umepotelea wapi? Hapo hapo.

Utasema hayo ni ya maprofesa. Haya, mwaka 2009, keneli ya Linux 2.6.30. Dereva ya tun ilitumia pointa kwanza, ndipo ikakagua kama ni tupu. GCC ikapiga hesabu: imeshatumika, basi si tupu. Ikafuta ukaguzi. Aliyesoma chanzo aliuona ukaguzi, lakini ndani ya mashine haukuwepo, na mvamizi akapata njia ya kujitwalia mamlaka yote. Kompaila ilifuata sheria za C. Aliyezivunja ni mwandishi wa msimbo.

Sasa niambieni, mwanafunzi aliyekariri kompaila kwa visanduku na mishale ya ubaoni, akafaulu bila kufungua hata faili moja la kati, amejifunza nini? Kesho huyo huyo tunampa mifumo ya benki na hospitali, pesa zetu na vipimo vyetu.

Na tusisingizie umaskini. GCC ni ya bure, laptop kuukuu inatosha, na ukishaiweka huhitaji hata intaneti. Kinachokosekana ni udadisi tu.

Mwenye kubisha aje na mafaili yake. Hasira aziache nyumbani.