Dawa ya Farasi na Goti la Mgonjwa

Siku hizi wagonjwa wenye magoti yaliyosagika huniuliza kama sindano ya damu yao wenyewe itawaponya. Wengine wamesikia kuwa farasi wa mbio hutibiwa hivyo na kurudi uwanjani. Ni kweli kwamba madaktari wa wanyama wa Marekani na Ulaya huitumia. Damu huchotwa na kuzungushwa kwa kasi mashineni, kisha plazima iliyosheheni chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, hudungwa ndani ya kiungo. Chembe hizo hubeba protini zinazochochea ukarabati wa tishu, na hapo ndipo matumaini yalipoanzia.

Watetezi wa tiba hii husema farasi hajui amedungwa nini, hivyo nafuu yake haiwezi kuwa ya imani tu. Hoja hiyo ni dhaifu. Farasi hajui, lakini mwenye farasi anajua, na mara nyingi yeye ndiye anayeulizwa kama kuchechemea kumepungua. Tena farasi aliyedungwa hupumzishwa, kisha hurejeshwa mazoezini hatua kwa hatua. Mapumziko peke yake yaweza kupunguza maumivu. Bamba linalopima nguvu ya kila mguu unapokanyaga ni shahidi bora kuliko jicho la tajiri aliyekwisha kulipa.

Kwa binadamu, shahidi wa namna hiyo yupo. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha utafiti uitwao RESTORE, uliohusisha watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilidungwa plazima hiyo mara 3, wiki hadi wiki. La pili likadungwa maji ya chumvi bila kujua. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi yote mawili, bila tofauti ya maana. Gegedu nalo halikunusurika zaidi kwa waliopata plazima.

Zipo tafiti nyingine zilizoonyesha nafuu, nami sizipuuzi. Lakini matayarisho ya plazima hutofautiana mno, na hiyo ni miongoni mwa sababu zilizokifanya Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kushauri kwa mkazo isitumiwe kwa goti wala nyonga iliyosagika.

Simlaumu mgonjwa; maumivu ya usiku hayana subira. Ninachokipinga ni kumwacha auze mbuzi wake alipie sindano hii ilhali hajafundishwa kuimarisha misuli ya paja wala kusaidiwa kupunguza uzito, mambo yenye ushahidi imara zaidi na gharama ndogo. Akisisitiza kudungwa, mhudumu amweleze kwanza habari ya maji ya chumvi, kwa lugha anayoielewa, ndipo ampe fomu ya ridhaa.